Mabao Kumi na Manne ya Marehemu

Kama wiki iliyopita ulikuwa shamba ukakosa kisa changu, shika hapa upesi, maana mimi si mtu wa kurudia.

Jina langu Hironimus. Nachezea timu ya Ungoni nzima. Timu hiyo haijawahi kufungwa na Wamatengo, haijawahi kufungwa na Wayao wa Tunduru, na imefungwa mara moja tu na askari wa boma hapa Songea, siku ambayo mwamuzi naye alikuwa askari, na bunduki yake begani. Mechi ya marudiano tukawachapa manne. Katekista Romanus alifurahi mpaka akapanda juu ya kinu, akaapa mbele ya umati:

"Atakayefika mavunoni na mabao mengi kuliko wenzake, huyo ndiye mkwe wangu!"

Binti yake ni Lidwina. Basi usiniulize kwa nini nilicheza Madaba na goti limevimba kama kichwa cha mtoto. Wiki iliyopita niliwaacha pale, niko chini natafuna nyasi, mpira umeshapita katikati ya ile miti miwili, Wabena wanashika vichwa. Lilikuwa bao la mwisho. Watu wakaanza kuvunja mahindi.

Mavuno ndiyo hayo. Nikaoga, nikaenda kudai mke.

Nilimkuta Katekista uani kwake Msamala, kakaa kwenye kigoda, watu wamejaa wanakunywa togwa. Pembeni yake kakaa Polikarp, kanyoosha miguu kama mwenye nyumba. Polikarp ni mtoto wake wa ubatizo. Ana mabao kumi na tisa na meno mazuri, na vyote viwili huwa anavionyesha.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Goti?"

"Linapona. Shikamoo, baba mkwe."

Watu wakacheka. Katekista hakucheka.

"Marahaba. Hilo la mkwe liweke chini kwanza. Una mabao mangapi?"

"Si aitwe Bibi Adela?"

Hapa nikwambie kitu. Sisi mabao yetu hatuyaandiki, tunayaimba. Bibi Adela zamani alikuwa akiwaimbia wanaume waliorudi vitani: nani kapiga, nani kakimbia, nani kakimbia halafu akarudi. Vita ya Maji Maji ikaisha vile ilivyoisha. Boma likapiga marufuku nyimbo za vita, na bibi wa watu akakaa kimya, anapeta ulezi tu. Mpaka bruda mmoja wa misheni alipoleta mpira. Siku ya kwanza kuona watu wanakimbizana, wanaangushana, wanapiga kelele, Bibi Adela alitupa ungo, akasimama, akaanza. Tangu siku hiyo bao aliloliimba ni bao. Asiloliimba ni uvumi.

Akaletwa. Akapewa togwa. Akapiga chini fimbo yake.

"Nyumayo mwenye kisigino!
Kawafunga askari wamesimama,
kawaacha wanatafuta kofia!"

Watu wakakunja vidole. Akaimba moja moja mpaka Nyumayo akamaliza na kumi na manne. Akamwimba Hironimus: tisa, la mwisho la Madaba akaliimba kalala chini kabisa, goti na yote. Akamwimba Polikarp: kumi na tisa.

"Hayo hapo," nikasema. "Kumi na manne na tisa. Ishirini na matatu."

Katekista akatabasamu. Kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nyumayo ni nani?"

"Ni mimi! Hakuna asiyejua ni mimi. Ndilo jina nililopewa na baba. Pasaka ukanibatiza, ukaniita Hironimus."

"Na kabla ya kukubatiza nilikufundisha nini?"

"Mengi."

"Nilikufundisha kwamba mtu wa kale anakufa, anazikwa majini, anatoka mtu mpya. Ukajibu nini?"

"Amina."

"Basi. Nyumayo amekufa. Mabao kumi na manne ni ya marehemu. Wewe Hironimus una tisa. Polikarp, mwanangu, sogea hapa."

Polikarp akaonyesha meno.

"Kwa hiyo maji yamefuta mabao yangu?" nikapiga kelele.

"Yamefuta dhambi zote."

"Bao la kisigino ni dhambi?"

"Ulilifunga ukiwa mpagani, na hirizi kiunoni. Nani ajuaye aliyepiga ni wewe au ni hirizi?"

Mzee mmoja nyuma kabisa akasema, "Maji ya kwanza yalituahidi kugeuza risasi kuwa maji, yakashindwa. Haya yamegeuza mabao kuwa maji, yameweza!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliopoteza ndugu kwa yale maji ya kwanza: kilianza kwa nguvu, kikakatika ghafla kama kamba.

Nikageuka niondoke. Nilikuwa nimeshafika kwenye ua wa matete, machozi yako karibu, niliposikia sauti.

"Katekista! Togwa yako chachu kama uso wako. Wewe ulibatizwa lini?"

Swalehe. Myao wa Tunduru, anauza chumvi na kaniki sokoni. Babu zake na babu zetu walichomana mikuki, ndiyo maana leo ni watani. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unamtafutia na kamba ya kumfungia. Ukikasirika, aliyekosa ni wewe.

"Baada ya vita," Katekista akajibu. Alilazimika kujibu.

"Na mama Lidwina ulimwoa lini?"

"Kabla."

"Lidwina kazaliwa lini?"

"Kabla vilevile. Kwa nini?"

"Ng'ombe wa mahari alitoa nani?"

Katekista alikuwa ameliona shimo, ila mguu ulishaingia.

"Alitoa marehemu!" Swalehe akapiga paja. "Inna lillahi! Watu wa Msamala, huyu mama anaishi na mwanamume wa kuja! Huyu binti ni yatima! Na wewe mzee, unakula mahindi ya mjane, unamkatalia mchumba mtoto asiye wako! Toka uani kwa marehemu!"

Mama Lidwina akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Na mimi nilikuwa nashangaa. Yule wa kwanza alikuwa anapasua kuni."

Hapo watu walikufa kwa kicheko. Bibi Adela alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Katekista akawa mwekundu, akawa mweusi, akainua mikono.

"Basi! Basi! Mtu ni mmoja! Iliyobadilika ni roho. Miguu ni ile ile."

"Miguu ni ile ile!" watu wakaitikia kama vile wako kanisani.

Polikarp akaruka. "Na yale kumi na moja tuliyowafunga wapagazi kule Namtumbo? Hiyo nayo mechi? Wale walikuwa bado na mizigo kichwani!"

"Manne katika hayo ni yako," nikamwambia.

"Manne yangu yalikuwa halali."

"Na yale mawili uliyomfunga kipa wetu mwenyewe?"

"Mguu ni mguu," akasema Bibi Adela. "Mimi naimba mpira uliopita kwenye miti. Miti ya nani, mjuane wenyewe." Akashika fimbo, akaunganisha nyimbo mbili zikawa moja, Nyumayo mpaka Hironimus bila kuvuta pumzi. Ishirini na matatu. Hakuna Mngoni aliyewahi kuimbwa kiasi hicho.

Katekista akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Nimeapa. Binti ni wako."

Lidwina alikuwa kwenye mlango wa jiko. Alinitazama mara moja tu, akarudi kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Mimi kichwa kilikuwa kinazunguka. Niliona ng'ombe, niliona watoto, niliona bao la kisigino likisimuliwa na wajukuu.

Ndipo akaingia shaushi wa boma, mkubwa wa askari.

Khaki, tarabushi nyekundu, kamba imeviringwa begani. Nyuma yake askari wawili, wale wale niliowaacha wanatafuta kofia.

Ua mzima ukakaa wima. Hapa Songea shaushi akiuliza jina la mtu hatukimbilii kujibu. Yapo majina yaliyoitwa bomani baada ya vita, yakaitika, hayakurudi.

"Mwenye mabao mengi Ungoni nzima ni nani?" akauliza.

Watu wakatazama vikombe. Mimi, na kichwa changu kimejaa harusi, nikaruka kwa mguu mmoja.

"Ni mimi, Bwana Shaushi! Ishirini na matatu!"

"Vizuri." Akaanza kuviringua kamba. "Askari wa Lindi wamefungwa na mabaharia wa meli. Bwana Mkubwa kaona haya. Mwenye mabao mengi anaandikwa kuruta, anakwenda Lindi kuwachezea. Miaka mitatu. Tunaondoka sasa."

"Na mke?"

"Kuruta haendi na mke."

Ndugu msomaji, mdomo wangu una mbio kuliko miguu, na miguu yangu umeshasikia sifa zake.

"Bwana Shaushi, nimekosea. Mwenye mabao mengi ni Nyumayo. Ana kumi na manne. Amekufa. Mimi ni Hironimus, nina tisa."

Katekista akakohoa. "Lakini sasa hivi tumekubaliana miguu ni ile ile."

"Wewe ndiye uliyenizika!"

"Nilikuzika asubuhi. Mchana umefufuka."

Shaushi akanitazama kwa jicho moja. "Ninyi Wangoni ninawajua. Kodi ikija, nusu ya kijiji marehemu. Aliyekufa ana kaburi. Kaburi liko wapi?"

Askari mmoja akanishika mkono, ananicheka sikioni. "Kisigino leo kiko wapi, mwanangu?"

"Kaburi lilikuwa linangoja watani!" Swalehe akaita. "Mngoni hazikwi na nduguze, anazikwa na sisi. Tumechelewa, barabara ya Namtumbo mbovu. Mama, jembe!"

Mama Lidwina akamrushia jembe. Kabla shaushi hajafumba mdomo, Swalehe alikuwa anachimba katikati ya ua, anatukana marehemu kama desturi ya watani inavyotaka: "Mvivu wewe! Umekufa hujanilipia chumvi! Hata shimo nakuchimbia mimi, mtumwa wa babu yangu!" Akachukua mpira wetu, ule wa utomvu wa porini tuliotengeneza wenyewe baada ya ule wa bruda kupasuka, akauzungushia kipande cha kaniki, akaulaza shimoni kichwa upande wa mashariki.

"Huo ni mpira," shaushi akasema.

"Mwili umebaki majini. Muulize Katekista, ndiye aliyeuweka."

"Ni kweli? Nyumayo alizikwa majini?"

Katekista akawageukia watu. Akikana hapo angekuwa amekana mafundisho yake mbele ya waumini wake wote.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo."

"Mawu weee!" Mama Lidwina akaangua kilio. Wanawake wote wakapokea. Bibi Adela akaimba mabao kumi na manne polepole, kwa sauti ile ambayo hatukuwa tumeisikia tangu vita, na nakwambia kweli, ilipofika kwenye kisigino nilijililia mwenyewe. Hata askari wangu akaniachia mkono. Shaushi akavua tarabushi.

Shimo likafukiwa. Nikavuta pumzi.

"Mungu amrehemu," shaushi akasema, akavaa tarabushi. "Sasa. Kati ya walio hai, nani anafuata?"

Vidole vyote uani vikaelekea kwa Polikarp.

Usinione mbaya. Nilifurahi.

"Mimi?" Polikarp meno yote yakapotea. "Bwana Shaushi, mimi mawili nilimfunga kipa wetu. Yatoe! Na manne ya wapagazi, wale maskini walikuwa na mizigo! Na lile la Wamatengo niligusa kwa mkono. Kwa mkono huu! Bibi Adela, waambie!"

Bibi Adela akajifuta machozi. "Ulipotaka yawe mengi nilikuimbia. Leo siimbi kinyumenyume."

Kamba ikamwingia Polikarp kiunoni. Nikaanza kupiga hesabu: Polikarp Lindi, mimi Msamala, Lidwina jikoni. Nilikuwa nimefika kwenye mtoto wa tatu Katekista aliposimama.

"Bwana Shaushi, tupe nafasi kidogo. Mimi niliapa mbele ya watu. Mwenye mabao mengi ndiye mkwe wangu. Marehemu katangulia. Huyu hapa ndiye anaongoza walio hai. Nitawaunganisha sasa hivi, aende Lindi akiwa na mke wa kumrudia."

Meno yakarudi. Kamba kiunoni na meno nje.

"Lidwina!" Katekista akaita.

Lidwina akatoka jikoni. Watu wakasogea nyuma. Alikuwa amejipaka majivu uso mzima, kitambaa kichwani kakigeuza ndani nje, na mkononi kashika kata ya maji.

"Dadi," akasema, "jua lilipokuwa utosini ulinitoa kwa nani?"

"Kwa... kwa mwenye ishirini na matatu."

"Yuko wapi?"

Lidwina akaonyesha kile kifusi kidogo cha udongo.

"Basi mimi ni mjane. Huwezi kumwoza mjane kabla hajatoa maji."

"Haki kabisa!" Swalehe akaruka juu. Shaushi hakuelewa, ikabidi mtani amweleze. Mjane wa Kingoni hapangiwi mrithi. Anachota maji, anatembea mbele ya wanaume wa msiba, anampa anayemtaka. Anayekunywa amerithi nyumba ya marehemu.

"Hayo mambo ya kale!" Katekista akafoka.

"Marehemu naye alikuwa wa kale," akasema mkewe.

Lidwina akaanza kutembea. Akamfikia Polikarp, naye akanyoosha mikono yote miwili, kamba ikamvuta nyuma. Akampita. Akampita Swalehe, aliyefumba macho na kufungua mdomo, na watu wakacheka. Akaja mpaka kwangu. Akapiga magoti, majivu usoni, macho yanacheka.

"Kunywa," akasema.

Niliishika kata kama mtu aliyetoka jangwani.

"Ngoja." Ilikuwa sauti ya shaushi. "Huyu akinywa, anarithi nini hasa?"

Watu wakamtazama Bibi Adela. Mimi nilimtazama kuliko wote. Nilimwomba kwa macho, kwa nyusi, kwa masikio. Lakini Bibi Adela ni mtu aliyeimba waliokimbia vitani mbele ya mama zao. Hajui kuficha.

"Anarithi mke," akasema. "Jembe. Jina."

"Na mabao?"

Akapiga chini fimbo yake. "Aliyerithi jina amerithi wimbo wake."

Shaushi akaanza kukunja vidole. Tisa. Akaongeza mmoja mmoja, midomo inacheza. Alipovuka kumi na tisa aliinua macho, na mkono wake ukaanza kufungua fundo kiunoni kwa Polikarp. Polikarp akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatetemeka.

Niliona yote kwa pamoja. Nikinywa, mke wangu, halafu Lindi miaka mitatu, na Polikarp anabaki hapa Msamala na meno yake. Nisipokunywa, nabaki hapa namtazama Lidwina akichota maji ya mwanamume mwingine.

Lidwina akainama kama anayenishikia kata vizuri.

"Kunywa upesi," akanong'ona. "Nyuma ya jiko ua nimeutoboa. Ukimeza tu, tunakimbia."

Kukimbia.

Nikalitazama goti langu. Lilikuwa limejaa kama boga la mavuno.

"Ishirini na mbili," akasema shaushi. "Ishirini na tatu."

Kata ilikuwa imeshainuka, na maji yalikuwa mdomoni, baridi, mashavu yamejaa, kila mtu uani ananitazama kooni. Nawaacha hapa hapa, maji mdomoni, mpaka wiki ijayo.